Mimi si mshairi wa mgeni rasmi

Haya jamani, leo nina dukuduku na nisipolitoa litanikaba.

Majuzi nilipigiwa simu nikiwa Maili Moja, Kibaha. "Kijana, tunasikia wewe ni mshairi. Jumamosi tunapanda miti, tuna mgeni rasmi, tutungie beti tano." Nikakubali. Mimi ni mtoto wa Kisarawe, nikaandika ninachokijua: magunia ya mkaa yanayotoka msitu wa Kazimzumbwi usiku juu ya pikipiki. Jibu likaja: shairi zuri, ila ubeti wa tatu, ule wa mkaa, uondoe, mahali pake umsifu mgeni. Wakanitumia jina lake na vyeo vyake vyote nisije nikakosea. Malipo? Soda na nauli.

Nilikataa. Sasa naambiwa najivuna.

Ndugu zangu, nani aliyetuambia kwamba ushairi ni pambo la meza kuu, kama yale maua ya plastiki?

Mtasema ndiyo mila yetu, hata Mathias Mnyampala aliitumikia siasa. Kweli kabisa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 washairi walijitosa kulieneza, na Ngonjera za UKUTA zilianza kutoka 1970. Lakini ngonjera ni majibizano! Mmoja anapinga, mwingine anajibu, mpaka mmoja anakubali yaishe. Unaweza kuikataa hoja ya Mnyampala, ila hoja ipo. Shairi la mgeni rasmi lina hoja gani zaidi ya "karibu mheshimiwa"?

Wengine watasema hawa vijana hawajui vina na mizani. Ugomvi huo ni mkongwe kuliko mimi. Kezilahabi alishambuliwa sana kwa mashairi yake huru, na Kichomi ilitoka 1974. Mimi naandika ya aina zote mbili. Na huo ubeti wa mkaa ulikuwa na mizani nane kwa nane, kina cha kati na cha mwisho vyote vimetimia. Kwa hiyo tusidanganyane, kilichowakera ni mkaa, si mizani.

Mnaniuliza kwa nini naandika. Bibi yangu hakujua kusoma. Lakini akishika wimbo kwenye ngoma, mwanamume aliyempiga mkewe alijua anaimbwa yeye, ingawa hakutajwa jina. Niliona watu wazima wakiinamisha vichwa. Hapo ndipo nilipoupenda ushairi, kabla ya kumsikia Shaaban Robert darasani.

Halafu nikawa mwandishi wa habari. Habari inataka jina, cheo na namba ya simu. Mchoma mkaa mmoja aliniambia anakata miti ili alipe gharama za shule za mwanawe. Ningemwandika gazetini angekamatwa yeye, na mwenye lori angeendelea na biashara. Shairi lilimficha jina, likabakiza kauli yake. Ubeti wa tatu ulikuwa ni yeye. Ndiyo maana sikuufuta.

Wala msidhani naikataa pesa. Shaaban Robert mwenyewe aliishi kwa ukarani serikalini. Tangu 2023 tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na ushairi umo. Safi sana! Lakini shughuli zenye mgeni rasmi ziko kila wiki, na hapo mwenye maturubai analipwa, MC analipwa, mpiga picha analipwa. Anayeambiwa "jitolee kwa ajili ya utamaduni" ni mshairi peke yake. Tena huyo huyo ndiye anayeagizwa cha kusema. Mbona mwenye maturubai haagizwi?

Nilichowaambia ni hiki: nilipeni, na ubeti wa tatu msiuguse. Hamtaki, msomeeni wasifu wake, unatosha.

Jumamosi miche ilipandwa na picha zikapigwa. Usiku ule nililala kwetu Kisarawe. Saa nane nikasikia pikipiki zikishuka kuelekea Pugu, moja baada ya nyingine.

Naomba kuwasilisha.