Maji na yafuate gari, gari lisipelekwe majini

MTINDO wa kuingiza magari ziwani na mitoni ili yaoshwe umezoeleka mno katika eneo la Nyanza hivi kwamba wengi hawaoni tena kasoro yake. Katika ufuo wa mji wa Homa Bay na kwenye kingo za Mto Migori, magari ya abiria, malori, magari ya kibinafsi na pikipiki za bodaboda huteremshwa hadi majini, yakasuguliwa kwa sabuni ya unga, yakasuuzwa kwa ndoo na kurejeshwa barabarani yakimetameta. Povu, matope na mafuta huachwa nyuma.

Kila suala hili linapozuka, lawama huelekezwa kwa vijana wanaoifanya kazi hiyo. Hata hivyo, anayefaidika zaidi ni mwenye gari, ambaye hupata usafi kwa bei nafuu kwa kuwa maji ya ziwa na mto hayatozwi ada. Gharama halisi ya usafi huo hulipwa na watu wengine wawili: kijana anayesimama majini kutwa nzima, na mama anayeteka maji hatua chache upande wa chini.

Madhara kwa kijana huyo si dhana tu. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu (KEMRI), wakishirikiana na wenzao wa Marekani, waliwafuatilia waosha magari wa ufuo wa Kisumu ili kuchunguza ugonjwa wa kichocho. Kundi hilo liliteuliwa kwa sababu kazi yenyewe huwalazimu kuingia majini kila siku. Ilidhihirika kwamba wengi wao walitibiwa kwa dawa ya prazikwanteli, wakapona, kisha wakaambukizwa upya waliporejea kazini.

Kichocho hakimngoji mtu anywe maji machafu. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kandokando ya ziwa na hupenya ngozi ya miguu na mikono. Minyoo inapokomaa mwilini, mayai yake huharibu utumbo na ini polepole, na mgonjwa anaweza kukaa miaka mingi bila kujua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha pia kwamba baadhi ya waosha magari walijenga kinga baada ya kutibiwa mara kadhaa, ilhali wale walioishi na virusi vya Ukimwi na ambao kinga yao ilikuwa imedhoofika hawakuipata kwa urahisi. Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zilizoathiriwa zaidi na Ukimwi nchini. Kwa hivyo, yaliyobainika Kisumu yanawahusu vijana wa kaunti hizi mbili moja kwa moja.

Mama anayeteka maji naye ana tatizo lake. Mto Migori huungana na Mto Kuja, na maji yake huingia ziwani katika eneo la Nyatike, baada ya kupita vijiji vingi vinavyoyategemea kwa kunywa, kupika na kunywesha mifugo. Mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2015, ambao ulizikumba Migori na Homa Bay mapema, ulidhihirisha jinsi maisha ya watu wengi yanavyotegemea usalama wa maji. Kuosha gari hakuleti kipindupindu. Lakini kuchemsha maji, ambako huua viini vya maradhi, hakuondoi mafuta ya injini wala grisi. Aliyeshauriwa kuchemsha maji hana kinga dhidi ya uchafu wa aina hii.

Aidha, baadhi ya sabuni za unga huwa na fosfeti, ambayo ni chakula cha mimea ya majini. Gugu maji, ambalo limewatesa wavuvi wa upande wa Kenya tangu miaka ya 1990, hustawi panapokuwa na rutuba ya kupita kiasi. Ghuba ya Winam, ulipo mji wa Homa Bay, ina kina kifupi na maji yake hubadilishana polepole na yale ya ziwa kuu. Mataifa mengine yalikwishalijua hatari hii zamani. Marekani na Kanada zilipotia saini mkataba wa kuokoa maziwa yao makuu mwaka 1972, kupunguza fosfeti katika sabuni kulikuwa mojawapo ya hatua zilizochukuliwa.

Ni haki kukiri kwamba waosha magari si wachafuzi wakuu wa Ziwa Victoria. Mbolea inayosombwa kutoka mashambani, udongo unaomomonyoka na maji taka ya miji huchangia zaidi. Lakini tofauti ni kwamba uchafu wa magari unaweza kukomeshwa bila mradi wa mabilioni ya pesa.

Sheria nazo hazikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kutupa uchafu katika ziwa, mto au kinamasi bila idhini. Katiba ya mwaka 2010, kupitia vifungu vya 42 na 43, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na maji salama, na huduma za maji zilikabidhiwa serikali za kaunti. Kinachokosekana ni njia mbadala. Kijana anayefukuzwa ufuoni leo bila kuonyeshwa pa kwenda, kesho atarejea papo hapo au atahamia kijito kingine, kwa kuwa tumbo halina likizo.

Njia iliyo nyepesi zaidi ni maji yafuate gari. Gari dogo linaweza kuoshwa nyumbani kwa ndoo mbili au tatu za lita 20: moja ya maji yenye sabuni, nyingine ya kusuuzia sifongo ili mchanga usirudishwe kwenye rangi na kuikwaruza. Mpira wa maji ulioachwa wazi unaweza kumaliza kiasi hicho kwa dakika chache tu. Inafaa gari liegeshwe kivulini, juu ya nyasi au changarawe, ili maji yanyonywe na udongo badala ya kutiririka hadi mtaroni, kwani mitaro mingi huishia mtoni au ziwani.

Kupaka nta, ambako wengi hukuona kuwa anasa ya matajiri, kuna faida katika suala hili. Rangi iliyopakwa nta haishikwi kwa urahisi na vumbi jekundu la barabara za murami wala matope ya masika, na gari husafishika kwa maji machache. Sabuni kali ya unga, kinyume chake, huiondoa nta hiyo na kuifubaza rangi. Hivyo, mwenye gari anayedhani ameokoa pesa ufuoni huenda anailipia rangi yake polepole.

Hatua hii haimnyang'anyi kijana riziki. Mwenye ndoo, sifongo na kopo la nta anaweza kuwafuata wateja majumbani na maofisini, tena akatoza zaidi kwa kazi ya kung'arisha. Malori na magari ya abiria, ambayo hayawezi kuoshwa uani, yanahitaji vituo vya nchi kavu vyenye sakafu ya saruji, shimo la kutenga mafuta na tangi la maji ya mvua. Serikali za kaunti za Migori na Homa Bay zinaweza kutenga viwanja na kuvikabidhi kwa makundi ya vijana yaliyosajiliwa, kabla ya askari kutumwa ufuoni.

Kizingiti kikubwa ni maji yenyewe. Mkazi anayenunua maji ya mtungi kwa mchuuzi hawezi kulaumiwa akisita kuyamwaga juu ya gari, hali ziwa liko mbele ya macho yake. Hadi pale mifereji itakapotoa maji kwa uhakika katika miji hii miwili, marufuku yoyote itakuwa ya makaratasi. Wanaotaka kulilinda ziwa, basi, hawana budi kuanza kwa kuyafikisha maji safi majumbani mwa watu.