Opala: Waya wa mafuta usitulize watu

Kati ya Kisangani na Opala, pikipiki ndiyo gari ya wengi. Inabeba mgonjwa, mwanafunzi, bidoni ya mawese, gunia la mchele. Waya wa mafuta ukikatika njiani, duka la vipuri liko mbali. Hapo fundi wa kijiji huchukua waya wa breki ya baiskeli, huupima, huutia kichwa cha risasi, na safari inaendelea. Kazi hiyo inastahili heshima.

Lakini ukweli usemwe. Waya mfupi hujivuta wenyewe usukani unapokatwa, na pikipiki huruka mbele bila dereva kutaka. Waya wenye kutu hukwama hata mkono ukiachia. Kwenye daraja la miti, kosa hilo ni kifo.

Wengine hupanua jigleri, kile kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, wakitafuta nguvu. Petroli ikizidi hewa, buji inakuwa nyeusi, moshi unatoka, na faida ya siku inakwenda nao.

Dereva, kabla ya kumlipa fundi, washa pikipiki, kata usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Mlio ukipanda, usiondoke.

Na wakuu wa jimbo la Tshopo: ukaguzi wa barabarani usiishie kwenye karatasi. Uguse waya na breki. Mafundi hawa wapewe mafunzo, wasifukuzwe. Bila wao, Opala ingetembea kwa miguu.