Tisheti Yangu Iliishia Kupanguza Boda

Mwezi uliopita nilikuwa steji ya boda karibu na kwetu Githurai, mvua imetoka tu kuacha, nangoja mtu wa kunibeba. Jamaa mmoja akainua kiti, akachomoa kitambaa na kuanza kupanguza maji. Kitambaa cha kijani. Nikaangalia tena vizuri. Ilikuwa tisheti niliyochapisha mimi mwenyewe.

Nikajikaza nikamuuliza aliitoa wapi. "Tulipewa kwa matanga fulani," akasema. Alafu akaongeza kitu ambacho bado kinaniuma: "Lakini buda, hata kupanguza haipanguzi poa. Hainyonyi maji."

Wasee, kuna kufeli, alafu kuna kufeli mpaka kama tambara.

Wacha niwapeleke nyuma kidogo. Mathe hupika kwa shughuli: pilau, chapo, kuku, ruracio na matanga. Ni kazi nzuri lakini wateja huja kwa kuskia skia tu. Mwaka jana mimi, mtaalamu wa mitandao wa nyumba nzima, nikamwambia anahitaji kujitangaza. Nikamshawishi achukue mkopo wa chama, 30,000. Elfu tatu ikaenda kwa aliyechora nembo. Iliyobaki, 27,000, ikanunua tisheti 60 kwa 450 kila moja. Jina la biashara kifuani, kubwa. Namba ya simu mgongoni, kubwa zaidi. Kichwani mwangu nilikuwa nimemnunulia mabango 60 yanayotembea.

Kufika mara ya tatu ya kufua, herufi zikaanza kubanduka. Namba ya simu ikapoteza tarakimu mbili. Kwa hivyo kuna watu mtaani walikuwa wanatembea wakitangaza namba ambayo si ya mtu yeyote. Mathe alilipa chama elfu tatu kila mwezi, na riba juu, kwa miezi kumi. Hakunigombeza hata siku moja. Angenigombeza ningelala vizuri.

Sasa maoni yangu ni haya: vitu vingi vyenye nembo vinavyogawanywa hii Kenya ni pesa ya kutupa, na shida haianzii kwa fundi. Inaanza na mwenye biashara, kwa sababu anachapisha kile anachotaka kusema yeye, bila kujiuliza kama kuna mtu anataka kukivaa.

Hebu fikiria. Jezi ya Arsenal imeandikwa Emirates kifuani. Ni wangapi hapa mtaani washawahi kupanda ndege ya Emirates? Mimi bado. Lakini mtu anatoa pesa yake mwenyewe kununua hiyo jezi, anaivaa Jumamosi na Jumapili, na anaringa nayo. Mtu huyo huyo ukimpa tisheti ya bure yenye jina la duka la simiti, anaivaa akienda kufyeka nyasi. Havai jina la kampuni. Anavaa kitu anachoona ni chake, na jina la kampuni limepewa lifti tu. Nembo yako inaomba lifti. Sasa mbona inataka kukaa kwa usukani?

Wazee wetu walielewa hii maneno kitambo. Mathe ana leso moja ya Mombasa, amekuwa nayo tangu kabla nizaliwe. Ukiangalia pembeni, kwa maandishi madogo sana, imeandikwa Mali ya Abdulla. Hiyo ni alama ya Kaderdina Hajee Essak, wafanyabiashara wa leso wa Mombasa tangu karne ya 19. Lakini maandishi makubwa, yale ya katikati, ni jina la leso: methali, dua, ama mafumbo ya kumrushia jirani. Mvaaji anapewa maneno yake ya kusema, na mwenye duka anajibana kwa ukingo. Ndo maana leso inakaa kwa kabati miaka mingi na tisheti yangu haikumaliza mwaka.

Hiyo ni sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili ni ujinga wangu wa kutojua vitu vinachapwa vipi. Nilipanda ngazi za hizo maduka za River Road nikauliza swali moja tu: "Ni how much?" Hakuna swali bovu kama hilo ukiliuliza likiwa la kwanza. Nimerudi huko mara kadhaa kuuliza mengine, na haya ndo ningetaka kuambiwa mapema.

Kuchapa kwa skrini ni ile ya wino kusukumwa kupitia wavu. Kila rangi inahitaji skrini yake, na kutengeneza skrini ni gharama. Kwa hivyo tisheti moja ni ghali, lakini tisheti mia moja za rangi moja zinakuwa nafuu. Wino ukikaushwa kwa joto linalofaa, inadumu.

DTF inachapwa kwa karatasi ya plastiki, inamwagiwa unga wa gundi, alafu inabandikwa kwa mashine ya joto. Unaweza kufanya hata moja, na rangi zote unazotaka. Lakini ukiweka mchoro mkubwa kifua kizima, mvaaji anahisi kama amefunikwa na karatasi ya nailoni. Jua la saa saba halimsamehei.

Sablimesheni ni rangi inayogeuka mvuke na kuingia ndani ya poliesta yenyewe. Haibanduki kwa sababu haijabandikwa juu. Lakini inataka kitambaa cheupe ama chenye rangi hafifu. Kwa pamba tupu haishiki. Vile vikombe vyenye picha pia huchapwa hivyo, na ndo maana vinapakwa dawa maalum kwanza.

Kudarizi ni uzi. Ni poa kwa kofia, aproni na tisheti za kola. Kwa tisheti nyepesi kitambaa kinajikunja kama uso wa mtu amelamba ndimu.

Mimi nilifanyiwa gani? Vinaili, ile plastiki inayokatwa herufi moja moja na kubandikwa kwa joto. Haina shida ikifanywa vizuri. Lakini tisheti zangu zilikuwa poliesta nyepesi, ambayo joto likizidi inaungua. Joto likipunguzwa bila kutafuta vinaili inayoshika kwa joto la chini, gundi haikamati. Sikuuliza kitambaa ni cha nini. Niliona kijani, nikasema sawa.

Na nembo nayo? Nilituma kama picha kwa WhatsApp. WhatsApp inabana picha, kwa hivyo kingo zilitoka na ukungu. Tuma faili kama dokumenti, na ikiwezekana iwe vekta, ile unayoweza kukuza iwe ndogo kama biro ama kubwa kama bango bila kuharibika. Ukilipa mtu wa kukuchorea nembo, hiyo faili ni yako, idai. Na usitarajie ile kijani inayong'aa kwa simu. Simu inatoa mwanga, wino hautoi. Rangi itapoa kidogo, hakuna anayekuibia.

Najua mtu atasema: "Sawa, lakini biashara ndogo haina pesa ya vitu vya maana." Skiza. Hesabu yangu ilikuwa 27,000 kwa tisheti 60 ambazo hakuna aliyezitaka. Kwa bei ya 1,200 kila moja, tisheti 20 za pamba nzito ni 24,000. Hata kumi zingetosha. Mbona nilitaka 60? Kwa sababu nilikuwa naota picha ya watu wengi wamevaa kijani kwa ukurasa wangu. Nilitumia mkopo wa mathe kutafuta picha. Hiyo ndo kweli, na imenichukua muda kuiandika.

Juzi nilimwambia story ya boda. Akacheka mpaka akaketi. Alafu akaniuliza kitu ambacho kilifaa kuulizwa siku ya kwanza: "Na nani alikuambia watu wanataka kutembea na namba yangu mgongoni? Watu wanataka kukula."

Yeye tayari alikuwa ameendelea bila mimi. Alienda akadarizi aproni sita za wale akina mama anaofanya nao kazi, jina dogo hapa juu kifuani. Uzi unavumilia mafuta na kufuliwa kila wiki. Alafu akachapisha stika za kubandika kwa vifuniko vya zile kontena za kubeba chakula. Si unajua venye watu hubeba pilau kutoka kwa shughuli? Hiyo kontena inafika nyumbani, inafunguliwa na mtu ambaye hakuwa kwa shughuli, na anaonja kabla hajasoma namba. Simu zimeanza kuingia. Si nyingi, lakini zinaingia, na namba iko kamili.

Kwa hivyo kabla hujalipa, uliza hivi: nani atatumia hiki kitu, wapi, na atakitumia hata kama jina langu halipo? Kama jibu ni hapana, weka pesa yako. Kama ni ndio, lipia sampuli moja kwanza. Ifue mara tatu. Ivae wewe mwenyewe siku nzima, panda nayo matatu, kaa nayo kwa jua. Ukiona aibu, mteja wako ataona maradufu.

Mwaka ujao ni uchaguzi ama harusi ya kasini yako, tisheti za bure hazitaisha. Zetu zimebaki 11 chini ya kitanda. Nilimuuliza mathe kama nizitupe akakataa. Ati ziko sawa, za kuepulia sufuria.

Nilimkumbusha ni poliesta, zitayeyuka. Akanitazama tu, akasema, "Kumbe sasa unajua."