Boti ya Watoto Ianze na Mbavu, Rangi Ije Baadaye



Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu, leo naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine wataliona ni la mchezo. Nazikusudia boti ndogo za rimoti ambazo vijana wetu wa hapa Rubona wanaziunda na kuzijaribu ziwani siku za mapumziko. Kuna wazazi wanaosema zinawapotezea watoto muda wa masomo. Wengine wanasema afadhali kununua boti iliyokwisha kuundwa kiwandani, mambo yaishe. Mimi naona vingine, na nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana vijana watano wa darasa langu waliunda boti yao ya kwanza, urefu wa sentimita 80, kwa plaiwudi nyembamba ya milimita 2. Walitaka kuitia mbavu za ndani kabla ya kuifunika. Mimi nikawaharakisha. Idi ilikuwa imekaribia, nami nilitaka wazazi waione imepakwa rangi na inang'aa. Nikawaambia, "Yaacheni hayo ya ndani, hakuna atakayeyaona."

Siku ilipofika, boti ilikwenda vizuri kwa dakika chache. Kisha betri, ambayo haikushikwa na kitu, ikateleza upande mmoja. Ubao wa pembeni ukavimba kwa nje, shafti ya pangaboi ikaacha kukaa sawa na mota, boti nzima ikaanza kutetemeka, na kiungo cha mbele kikaachia. Ikazama mbele ya watu wote. Kijana aliyeshika rimoti ndiye aliyeweka akiba miezi mingi kununua ile mota. Hakulia, wala hakunilaumu. Aliniangalia tu, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Basi tujiulize, mbavu zina kazi gani? Ganda jembamba la boti ni kama sanduku la karatasi. Ukilibonyeza pembeni linaingia ndani, na ukilishika ncha mbili ukalizungusha linajisokota. Maji yanasukuma kutoka nje, na mzigo unasukuma kutoka ndani. Mbavu ndizo zinazozuia pande mbili zisikaribiane wala zisiachane. Mafundi wa vyombo wa pwani, kama wale wa Lamu na Unguja, huziita mataruma. Desturi yao ya zamani ni kupanga kwanza mbao juu ya mkuku, kisha kuyaingiza mataruma ndani. Hata mtepe, chombo cha zamani ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, ulitiwa mataruma baada ya kushonwa. Na safina ya Nabii Nuh, alayhis salaam, katika Suratul Qamar aya ya 13, imetajwa kwa mbao na misumari yake. Rangi yake hatukuambiwa.

Vijana wangu hawakukata tamaa, alhamdulillah. Waliunda ganda jingine, na safari hii nilikaa pembeni nikaangalia. Kwanza walikata kadibodi, wakaipunguza kidogo kidogo mpaka ikakaa sawasawa ndani ya ganda, ndipo wakaichora juu ya plaiwudi ya milimita 3. Walikata mbavu tano, moja kila baada ya sentimita 13 hivi. Katikati ya kila ubavu waliondoa mbao, wakabakiza upana wa kidole kuzunguka, kwa sababu uzito usio na kazi ni adui wa boti. Chini kabisa wakatoboa tundu dogo, ili maji yakiingia yasikwame kati ya mbavu, bali yakusanyike mahali pamoja ambapo yatafutwa kwa kitambaa.

Jambo moja walinifundisha wao. Ubavu haukazwi kwa nguvu kwenye ganda. Ukiukaza, ubao mwembamba utaonyesha mstari kwa nje, na hapo ndipo utakapopasuka siku ukigonga jiwe. Waliacha nafasi ndogo, wakaijaza gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao. Ubavu wa mahali pa mota waliufanya wa mbao mbili. Betri wakaifunga chini kabisa, kati ya mbavu mbili, isiweze kwenda popote. Ndani kote wakapaka vanishi, maana mbao isiyopakwa hunywa maji na kuoza polepole bila mtu kujua. Sitaha ilikuja mwisho, yenye mlango wa kufungua.

Kazi hiyo ilichukua wiki tatu. Baba mmoja akaniuliza, "Ustadh, wiki tatu kwa kitu kitakachofunikwa?" Nilimjibu kwamba hicho ndicho ninachotaka mwanawe ajifunze. Katika wiki hizo tatu kijana aliyekuwa akikimbia hesabu alipima kwa milimita, akakosea, akatupa ubavu mzima, akakata mwingine. Hakuna aliyemsimamia kwa fimbo. Ubavu usiokaa sawa ulimwambia wenyewe.

Tena tusiseme kwamba haya ni mambo ya kigeni. Teremkeni ufukweni jioni, mtazame wavuvi wa sambaza wanapotoka. Mitumbwi mitatu inaunganishwa kwa miti mirefu, inakwenda kama chombo kimoja, na usiku kucha inabeba taa na wavu mzito. Kinachowarudisha nyumbani ni ile miti na zile kamba za kuifungia. Mvuvi mwenye akili hukagua fundo kabla ya kusukuma maji.

Na ziwa hili si la mchezo. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imebaki kidogo tu kufika. Makumi ya watu walifariki. Ilikuwa imebeba watu na mizigo kupita kiasi. Sisemi kwamba mbavu zingeiokoa, kwa sababu hakuna ubavu unaoweza kusahihisha mzigo uliozidi. Ninachosema ni kwamba vijana hawa kesho watakuwa abiria, wengine watakuwa wenye boti. Aliyewahi kuona boti yake mwenyewe ikilala upande kwa sababu ya betri moja atajua kuuliza mzigo uko wapi na ni kiasi gani. Huenda akathubutu kushuka, au kuwashusha wengine.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Wazazi, msinunue boti ya kiwandani iwe ya kwanza kwa mtoto. Mpeni rula, kadibodi na kipande cha plaiwudi. Muwe karibu naye anapotumia kisu, na gundi ile ichanganywe mahali penye hewa. Boti ifungwe uzi mrefu siku za kwanza, ili asije akaogelea kuifuata. Mabinti nao wasiachwe nyuma, kwani waliokuja kututazama walikuwa na mkono mtulivu kuliko kaka zao. Na kabla ya rangi kupakwa, ombeni muonyeshwe ndani.

Nanyi wanafunzi, mwalimu akiwaharakisha kama nilivyofanya mimi, mkumbusheni kwa adabu.

Idi ijayo, in shaa Allah, boti itakuwa ufukweni tena. Nimewaomba vijana waiache sitaha wazi asubuhi ile, wazazi wazione mbavu tano kwanza. Rimoti itashikwa na kijana yule yule.

Wabillahi tawfiq.