Mafuta Kamili ya Bangi Si Dawa Kamili

Binamu yangu anaendesha lori la masafa marefu huko Ohio, Marekani. Kiti kimemmaliza mgongo. Mwaka juzi muuza duka mmoja alimshauri anunue mafuta ya hempu, ile bangi yenye kilevi kidogo, na akasisitiza achukue aina ya “kamili”, iliyokamuliwa mmea mzima bila kutolewa kitu. Vilivyoumbwa pamoja, alimwambia, hutibu pamoja. Binamu hakuhitaji kubembelezwa. Sisi tumelelewa kwa mwarobaini wa bibi, na tunaamini kwamba kilichotoka mtini moja kwa moja ni salama kuliko kilichopitia maabara. Miezi michache baadaye mkojo wake ulipimwa kazini, ukakutwa na alama za bangi. Aliondolewa barabarani mpaka amalize safari ndefu ya kuonana na mtaalamu wa uraibu na kupimwa upya. Watoto wanne, kodi ya nyumba, na lori limeegeshwa.

Imani iliyompeleka huko naipinga kwa moyo wangu wote. Ukamilifu wa mmea hauwi ubora wa dawa kwa sababu tu neno lenyewe ni zuri.

Tuanze na chupa zenyewe. Mafuta kamili yana CBD, ambayo hailevyi, pamoja na terpini zinazoupa mmea harufu yake, pamoja na THC, ambayo ndiyo inayolevya. Aina ya pili imeondolewa THC, mengine yakabaki. Ya tatu ni CBD tupu: unga mweupe uliosafishwa kisha ukachanganywa na mafuta ya kula. Muuzaji atakuambia kwamba THC iliyomo katika aina ya kwanza ni kidogo mno, maana sheria ya kilimo ya Marekani ya 2018 iliweka mpaka wa asilimia 0.3. Basi tupige hesabu ambayo dukani haipigwi. Mililita moja ya mafuta, yaani kijibomba kimoja cha kudondoshea, ina uzito wa karibu miligramu 940. Asilimia 0.3 yake ni miligramu 2.8 za THC. Sativex, dawa ya kupuliza mdomoni ambayo Uingereza iliiidhinisha mwaka 2010 kwa wagonjwa ambao misuli yao hukakamaa kwa ugonjwa wa neva, ina miligramu 2.7 za THC katika kila mpulizo, na huipati bila cheti cha daktari. Binamu yangu alikuwa akimeza vijibomba viwili kwa siku, asubuhi na usiku, akiamini anakunywa majani.

Kipimo cha mkojo cha madereva huanza kushtuka kwenye nanogramu 50 za alama za bangi kwa mililita, na uthibitisho hufanywa kwa 15. Tena Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilishatangaza Februari 2020 kwamba kutumia CBD si utetezi. Wanamichezo wako karibu na shimo hilohilo: shirika la kupambana na dawa michezoni duniani, WADA, liliiondoa CBD kwenye orodha ya marufuku mwaka 2018, lakini THC ikabaki marufuku wakati wa mashindano. Mkimbiaji wa Iten au Arusha akinunua chupa “kamili” Ulaya ili kutuliza goti, ameibeba marufuku mfukoni.

Nitajibiwa kwamba sayansi imethibitisha nguvu ya mmea mzima. Haijafika huko. Neno la kusaidiana kwa kemikali liliingia katika maandishi ya kisayansi mwaka 1998, kutoka kwa watafiti wa Israeli, na walikuwa wakizungumzia mafuta ambayo mwili wa kiumbe hujitengenezea wenyewe, si terpini za bangi. Mtafiti Ethan Russo alilipeleka kwenye terpini mwaka 2011, kama pendekezo linalohitaji kupimwa. Mwaka 2015 watafiti wa Jerusalem waliona mkamuo wa mmea ukizidi CBD tupu katika kupunguza maumivu na uvimbe. Ni kazi ya kuheshimika, ila wagonjwa wao walikuwa panya.

Kwa upande mwingine, Epidiolex, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa watoto wenye kifafa kikali cha Dravet na Lennox-Gastaut, ni CBD iliyosafishwa. Kiwango chake cha kawaida huanzia miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 20 anahitaji 200. Chupa ya dukani yenye miligramu 1,000 ingemwishia kwa siku tano, na bado kuna wazazi wanaoambiwa kwamba matone matatu yanatosha mradi mafuta ni “kamili”. Hilo linaniuma kuliko yote.

Wala simtetei muuza CBD tupu. Sativex yenyewe hutokana na mikamuo ya mmea; kilichoifanya dawa ni kupimwa kila mpulizo. Dukani kipimo hicho hakipo. Mwaka 2017 jarida la JAMA lilichapisha uchunguzi wa bidhaa 84 zilizouzwa mtandaoni: 26 tu ndizo zilikuwa na CBD inayolingana na lebo, na 18 zilikutwa na THC. Na CBD, hata ikiwa safi kama chumvi, huzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine. Mama anayemeza warfarini ya kuzuia damu kuganda anaweza kuvuja damu. Mgonjwa wa kifafa anayetibiwa kwa klobazamu anaweza kupata usingizi mzito. Swali la kwanza mbele ya rafu liwe: natumia dawa gani nyingine, na nani atanipima mkojo? La pili: ripoti ya maabara huru ya toleo hili iko wapi, na mstari wa THC unasemaje?

Binamu alirudi barabarani mwezi uliopita. Alinunua chupa nyingine, safari hii ya CBD tupu, akaniita tuikague mezani pake. Tulisoma namba ya toleo chini ya lebo, tukaitafuta kwenye ripoti za mtengenezaji, moja baada ya nyingine. Namba yetu haikuwamo. Kesho yake chupa ilirudishwa dukani ikiwa na muhuri wake.