Siku 14 za fundi, miaka 5 ya forodha

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa wa forodha miaka 5, tangu mzigo uingie au utoke, kudai vitabu na nyaraka zake zote. Kompyuta ya dukani haiijui sheria hiyo. Inafuata tu idadi aliyoiandika fundi.

Hapo ndipo wafanyabiashara wa Jinja na Mbale wanaopitisha bidhaa Malaba, Busia na Lwakhakha wanapoweza kuumia. Programu ya zamani ya kutunza nakala za akiba inapobadilishwa, mafaili huhamishwa, lakini masharti ya muda wa kuyatunza mara nyingi hubaki nyuma. Tuseme ya zamani iliagizwa kubakiza nakala 14 za mwisho. Mpya inauliza siku, fundi anaandika 14, kazi imekwisha. Hazilingani hata kidogo. Duka likifungwa wiki tatu za Krismasi, au umeme ukikatika (hata Jinja, jirani kabisa na bwawa la Nalubaale, hukatika), nakala 14 bado zipo. Kwa hesabu ya siku, baadhi ya programu hufuta nakala iliyopitwa na muda hata kama hakuna mpya iliyoingia.

Hasara kubwa zaidi ni ya nakala ya mwisho wa mwaka, ile iliyopangiwa kukaa miaka 5. Sharti lake likisahaulika hakuna kengele inayolia. Mwenye mali atajua siku wakaguzi wa forodha watakapobisha hodi.

Wapo wanaosema ankara ziko EFRIS, kwenye mitambo ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda, hivyo hofu ya nini? Lakini ankara ya msambazaji wa Nairobi, uthibitisho wa malipo na barua za kubishania thamani ya mzigo haviko huko. Kutunza kila kitu milele nako si jibu: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019 hairuhusu taarifa za wateja kukaa kupita haja.

Muda wa kutunza, basi, aupange mwenye mali pamoja na wakala wake wa forodha, kwa maandishi, kabla mashine ya zamani haijazimwa. Na salio la fundi lisubiri mpaka ankara moja ya miaka minne iliyopita itolewe kwenye programu mpya na ifunguke mbele ya macho yake.