Nyumba za Sadaka na Amri za Mwenye Sadaka

Yuko Mwingereza mmoja ambaye jina lake halitajwi sana hata huko kwao, lakini maelfu ya makabwela wa London walilala na kuamka ndani ya nyumba alizozichora yeye. Aliitwa Henry Astley Darbishire. Alizaliwa mwaka 1825 akafa mwaka 1899, na kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majumba. Wenzake wengi walikimbilia makanisa, mabenki na stesheni za reli, maana huko ndiko kulikokuwa na sifa. Yeye sehemu kubwa ya umri wake ilikwenda katika majumba ya ghorofa ya kupangishia watu wa kazi. Twamtazama leo kwa sababu kazi yake yatuuliza jambo ambalo kila mji wenye mabanda hauna budi kulijibu: nyumba ya mnyonge iweje, na nani mwenye haki ya kusema iweje?

London ya siku zile ilikuwa mji tajiri kuliko yote duniani, na maskini wake walijazana jamaa nzima katika chumba kimoja, choo kimoja kikitumiwa na mtaa, maji yakiletwa kwa saa chache tu. Bibi Angela Burdett-Coutts, aliyerithi mali ya benki mwaka 1837, aliamua kufanya jambo. Huko Bethnal Green palikuwa na mahali pachafu paitwapo Nova Scotia Gardens, penye jaa kubwa la taka. Charles Dickens, yule mwandishi wa hadithi, alimshauri bibi huyo, na Darbishire akapewa kazi ya kuchora. Ilipofika mwaka 1862 yalikuwa yamesimama majengo manne, yakaitwa Columbia Square. Na jina hilo lilitoka wapi? Bibi alikuwa ametoa fedha za kuanzisha uaskofu katika koloni la British Columbia. Basi maskini wa London walitolewa katika jaa lenye jina la koloni moja, wakaingizwa katika nyumba zenye jina la koloni lingine!

Mwaka huohuo wa 1862 George Peabody, Mmarekani mwenye benki aliyekaa London, alitoa pauni 150,000 kwa ajili ya maskini wa mji huo. Baadaye aliongeza mpaka zikafika nusu milioni. Wadhamini wa fedha hizo wakamchukua Darbishire, na jengo lao la kwanza likafunguliwa Commercial Street, Spitalfields, mwezi wa Februari 1864. Lilikuwa na nyumba 57 na maduka tisa, na mahali pa kufulia na kuogea palikuwa ghorofani. Mwaka uliofuata likaja la Islington, na hapo ndipo alipopata mtindo aliourudia karibu miaka 20: majengo ya ghorofa tano yakizunguka ua, hewa ipite, jua liingie, watoto wacheze mbali na magari ya farasi. Vyoo na masinki viliwekwa penye ngazi, vikatumiwa na wapangaji kwa pamoja, ili mwangalizi aweze kuvikagua bila ya kuingia chumbani mwa mtu.

Tusimnyime haki yake. Mwaka 1891 daktari Arthur Newsholme alichapisha hesabu za vifo katika majumba ya Peabody, na ikaonekana kwamba waliokaa humo walikufa kwa uchache kuliko watu wa London kwa jumla. Mwenye kumpa mtu hewa na maji safi amempa uhai, na hilo hatulifanyii mzaha.

Lakini tazameni kuta. Darbishire aliziacha kuta za ndani bila lipu, matofali matupu yakipakwa chokaa, kwa hoja kwamba kunguni hawatapata pa kujificha. Mpangaji alikatazwa kubandika karatasi za mapambo ukutani. Kodi ililipwa kwa wiki, tena mbele, na deni halikukubaliwa. Asiyechanjwa ndui hakuingia. Usiku lango la nje lilifungwa. Mwanamke aliyeishi kwa kufua nguo za watu alikatazwa kuifanya kazi hiyo ndani, na mchuuzi wa barabarani hakuwa na mahali pa kuweka mkokoteni wake. Wazee wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wadhamini hawakulala katika vyumba vile, wala mchoraji hakulala humo. Walijua habari za kunguni, ndiyo, lakini hawakujua mtu anavyojisikia anapotazama tofali tupu miaka 20 na hana ruhusa ya kutundika picha ya mamake.

Wala tusiambiwe kwamba mchoraji huyu hakujua uzuri. Mwaka 1869 alimjengea Bibi Burdett-Coutts soko, Columbia Market, kwa mamia ya maelfu ya pauni, lenye minara na nakshi kama kanisa kuu. Soko hilo lilikuwa kando ya nyumba zake za Columbia Square. Wachuuzi waliliangalia, wakalishangaa, wakarudi kuuza barabarani, maana soko lilifungwa Jumapili, na Jumapili ndiyo siku ambayo watu wa mtaa ule walikuwa na nafasi ya kununua. Mwaka 1871 bibi aliwapa wakubwa wa City; mwaka 1874 wakamrudishia. Mwaka 1886 likafungwa, na mwishoni mwa miaka ya 1950 likabomolewa. Leo katika Columbia Road, penye mtaa uleule, yauzwa maua kila Jumapili asubuhi, barabarani, na watu hawana pa kukanyaga.

Jambo linalotuuma zaidi lilikuja baada ya sheria ya mwaka 1875, iliyotoa ruhusa ya kuvunja mitaa michafu. Serikali ya mji ilinunua viwanja kwa bei kubwa, ikavunja, na mwaka 1879 ikawauzia wadhamini wa Peabody viwanja sita kwa bei ndogo kuliko ile iliyolipa. Darbishire akachora tena, upesi upesi, majengo kwa majengo yaliyofanana. Mpaka mwaka 1882 majumba ya Peabody yalikuwa na watu zaidi ya 14,600 katika nyumba 3,500. Hesabu nzuri kwa kusoma. Lakini aliyevunjiwa banda lake hakungoja miaka ile yote ya kujenga. Alichukua virago akaenda kubanana mtaa wa pili, na kodi huko ikapanda kwa sababu yake. Nyumba zilipokwisha waliingia watu wenye mshahara wa uhakika wa kila wiki, mafundi na makarani wadogo na askari polisi. Kibarua wa gatini, leo anacho kesho hana, hakuweza kulipa mbele. Kwa hiyo fedha ya mji ilitumika kumfukuza maskini zaidi ili apate nafasi maskini kidogo, na waungwana wakapeana mikono. Mwaka 1884 na 1885 tume ya kifalme ilikaa kusikiliza habari za makao ya watu wa kazi, na mambo hayo yakasemwa wazi mbele yake.

Darbishire aliiacha kazi ya Peabody mwaka huo wa 1885. Mengi ya majumba yake yangali yamesimama, na vyoo vimekwisha kuingizwa ndani ya kila nyumba. Jengo la kwanza la Commercial Street wadhamini walikwisha liuza, leo ni makao ya watu binafsi.

Alikufa mwaka 1899. Mwaka uliofuata, mwendo mfupi kutoka Columbia Square, baraza la mji wa London lilifungua mtaa wake, Boundary Estate, uliojengwa kwa mali ya umma bila ya sadaka ya tajiri yeyote. Ulikuwa na miti, bustani katikati, na majumba ya kupendeza kuliko yote aliyoyachora Darbishire kwa ajili ya Peabody. Watu waliovunjiwa ili ujengwe walikuwa 5,719. Waliorudi kupanga humo walikuwa 11.